Siku Tuliyomsahau Zuhura Maporomokoni

Wenzangu wa kikundi cha kushona, tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande. Mmoja nimemwambia mtoto aliugua, mwingine nimemwambia njia ilikuwa mbaya, na Mama Pili aliponiuliza mbona Zuhura haonekani akija kuokota vitambaa, nilijifanya natafuta mkasi. Sasa naandika yote mara moja, maana kuyasimulia kwa mdomo siwezi. Naanza na hili ili msisome kwa hofu: Zuhura ni mzima. Yuko kwa bibi yake mlimani. Kwa nini yuko huko, ndiyo habari yenyewe.

Kwa wale msioijua nyumba yangu vizuri: mume wangu Athumani ni Mshambaa, mimi Mzigua wa hapahapa Handeni. Watoto wetu ni wawili. Zuhura ana miaka minane, Shabani mitano. Shabani ana seli mundu. Akipata baridi, akichoka, au akikosa maji ya kutosha, maumivu yanamshika kwenye mifupa mpaka analia kwa sauti ambayo mtu mzima hawezi kuivumilia. Kwa hiyo nyumba yetu inaamka na kulala kwa ajili yake. Hata kliniki wananiita Mama Shabani, na nimeacha kuwasahihisha.

Athumani alitaka watoto wayaone maporomoko alikojifunzia kuogelea, juu ya kijiji cha mama yake. Nilimwambia mwezi wa sita kule ni baridi. Akasema, "Tutamfungia ndani mpaka lini? Na yeye ni mtoto." Nikafungasha.

Chanika hadi Korogwe

Basi la saa kumi na mbili asubuhi liliondoka hapa Chanika, Handeni mjini, saa mbili na nusu. Zuhura alikuwa amewahi kiti cha dirishani. Nikamwambia ampishe mdogo wake, kwa sababu akikaa upande wa njia watu watamkanyaga miguu. Akahama. Nilikuwa na begi lenye dawa, chupa mbili za maji yaliyochemshwa, chupa ya chai na blanketi, nalo lilipata nafasi nzuri kuliko yeye.

Katikati ya pori tairi la nyuma likapasuka, na la akiba likakutwa halina upepo. Tulikaa chini ya vichaka karibu saa mbili tukisubiri kondakta aliyekwenda kutafuta msaada kwa bodaboda. Bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Korogwe kumwona binti yake aliyejifungua alikaa karibu nasi.

"Shikamoo, bibi," watoto wakasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Huyu mbona umemfunika blanketi na jua hili?"

Nikamweleza. Akampa Shabani pole, akafungua kitambaa akampa karanga za kuchemsha, akamshika paji la uso. Kisha akamgeukia Zuhura. "Na wewe, mama, hujambo wewe?"

Zuhura alikuwa anamshikia mdogo wake kikombe cha maji. Kabla hajafungua mdomo nikajibu mimi: "Huyo hana shida, bibi. Huyo ndiye mkono wangu wa kulia."

Nilisema kwa kujivunia. Yule bibi alimtazama Zuhura kidogo, akampa karanga zilizobaki. Wakati ule sikuliona hilo kuwa jambo.

Mombo

Korogwe hatukukaa, tulibadilisha gari tu. Mombo tulifika saa nane tukakuta gari la kupanda mlimani lina abiria watatu. Dereva akasema likijaa linaondoka, maana yake tukae. Tukala wali na maharage kwenye kibanda kando ya barabara, mabasi ya Arusha yakisimama na wachuuzi wakiyakimbilia na mahindi ya kuchoma na mapeasi.

Zuhura alitaka hindi la kuchoma. Nikamkatalia, kwa sababu Shabani angelitaka pia, na juzi yake lilimsumbua tumbo.

"Nitakula kule nyuma ya gari," akasema. "Hataniona."

"Atasikia harufu. Subiri tukifika kwa bibi."

Akakaa. Shabani hakumaliza wali wake, na Zuhura akaumalizia. Athumani alikuwa amechangamka kama mtu anayekwenda harusini. Aliwasimulia jinsi maji yale yanavyoanguka, jinsi alivyoruka kutoka kwenye jiwe akiwa na miaka saba, na samaki aliowashika kwa kanga ya mama yake. Shabani alimtazama mdomo wazi. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo kumwona mume wangu ana furaha kiasi kile, na ndiyo maana sikurudia tena habari ya baridi.

Gari lilijaa saa kumi na moja kasorobo. Kona zile zilimtapisha Zuhura mara mbili. Alitapika kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mwenyewe, akaushika mpaka tukashuka.

Kwa mama mkwe

Mama mkwe alikuwa ametupikia ndizi na maharage, na maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Kumbe alikuwa amekwenda mbali kuchota maji ya chemchemi ili wajukuu wanywe maji mazuri. Mimi nikatoa chupa yangu nikammiminia Shabani maji ya Handeni.

Asubuhi nikachemsha maji mwenyewe jikoni kwake, nikatandika blanketi langu juu ya kitanda chake, nikafunga dirisha alilofungua. Jioni nikamsikia akimwambia mwanawe kwa Kishambaa, ambacho nakisikia vizuri kwa sababu hakiko mbali na Kizigua chetu, kwamba mke wake anaiona nyumba yake ni chafu. Athumani akacheka, akasema si hivyo. Alipaswa kumweleza ugonjwa wa mtoto vizuri, lakini hajawahi kupenda kuutaja mbele ya mama yake. Na mimi, kwa kiburi, nikanyamaza.

Aliyekaa naye jikoni siku ile nzima ni Zuhura. Walichambua maharage, wakakamua ng'ombe. Niliwasikia wakicheka, nikafurahi kwamba nimepata nafasi ya kumwangalia Shabani bila kusumbuliwa. Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyawaza.

Maporomokoni

Tulitoka siku ya tatu asubuhi, sisi wanne peke yetu. Mama mkwe alisema ni mwendo wa saa moja na nusu. Sisi tulitumia saa tatu. Njia ilipita kwenye mashamba ya kabichi, halafu ikaingia msituni ikawa nyembamba, ina matope, na mizizi imejitokeza. Athumani alimbeba Shabani mgongoni sehemu kubwa ya njia. Mimi nilibeba begi. Zuhura alitembea nyuma, na kila nilipogeuka alikuwepo.

Ukungu haukuinuka. Tulisikia maporomoko muda mrefu kabla ya kuyaona, na tulipoyaona hayakuwa makubwa kama ya kwenye simulizi. Maji yalianguka kutoka juu ya mwamba mweusi, kama urefu wa nyumba mbili, na ngurumo yake ilifanya mtu aseme kwa kupaza sauti. Rasharasha zilitulowesha nguo hata tukiwa mbali.

Nilimwambia Athumani mtoto asiguse maji. Akaitikia.

Zuhura alikuwa amepata jiwe pana upande wa pili wa kona ya mwamba, mahali pakavu kidogo. Alinivuta mkono. "Mama, njoo tukae hapa. Mimi na wewe." Ukiondoa lile hindi, hilo ndilo pekee aliloniomba safari nzima. Nikamkalisha, nikamfunga kanga mabegani. Nikasema, "Kaa hapo. Namwangalia mdogo wako, narudi sasa hivi. Usibanduke mpaka nije kukuchukua."

Nilipopita kona nikamkuta Athumani amevua viatu, amesimama kwenye maji ya kina kifupi, na Shabani amesimama katikati ya miguu yake, maji yakimfika magotini. Mtoto alikuwa anacheka.

"Dakika moja tu, Mama Zuhura," akasema. "Mwone alivyofurahi."

Nilimtoa, nikamfuta, nikamvisha soksi. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Athumani akajibu, nami nikajibu tena, na katikati ya kujibizana Shabani akashika miguu yake akaanza kulia. Ulikuwa kilio ninachokijua. Kilianza miguuni, baada ya muda mfupi akasema na kifua kinauma, na hapo Athumani akamnyakua akaanza kukimbia.

Kushuka

Hakurudi kwa njia ya nyumbani. Alishika njia ya mkato inayoshuka moja kwa moja hadi barabarani, kwenye magari. Mimi nilibaki nikikusanya dawa zilizomwagika kwenye matope, nikafunga begi, nikamfuata. Ukungu ulikuwa mzito, sikuwaona. Nikapiga kelele:

"Baba Zuhura, unaye?"

Sauti yake ikatoka chini huko: "Ninaye!"

Nilimwuliza juu ya Zuhura. Yeye akajibu juu ya Shabani.

Nimelifikiria neno hilo moja kila siku tangu wakati ule. Nilijua tayari kwamba Shabani yuko mgongoni kwake, kwa nini nimwulize? Nilidhani Zuhura alisikia kilio akamkimbilia baba yake, maana ndivyo anavyofanya siku zote, mdogo wake akilia yeye ndiye wa kwanza kuleta maji. Sikurudi nyuma ya kona kuangalia. Ilikuwa hatua kama ishirini.

Nilipofika barabarani, pikapu iliyojaa magunia ya kabichi ilikuwa imesimama na injini inanguruma. Athumani yuko mbele na mtoto, mlango umefungwa. Dereva akanipungia mkono nipande nyuma. Nikapanda juu ya magunia, tukaondoka. Mimi nikijua Zuhura yuko mbele na baba yake. Baba yake akijua yuko nyuma na mimi.

Tulishuka mlima mzima hivyo.

Mombo dereva akasimama. Athumani akateremka na Shabani kifuani, midomo ya mtoto imekauka, macho nusu yamefumba. Nikamgusa, nikamwambia, "Mama yuko hapa." Akafumbua macho akatutazama mimi na baba yake, halafu akatazama nyuma yangu.

"Dada yuko wapi?" akasema.

Tukatazamana mimi na Athumani. Nilimwona uso unabadilika, na nadhani wangu ulikuwa vilevile. Dereva wa pikapu, aliyeona nyuso zetu tu, alidhani mtoto amekata roho, akaanza kutupa pole.

Nilipiga simu ya mama mkwe, haikupatikana. Nikapiga tena na tena. Athumani akanipa Shabani mikononi. "Wewe nenda naye Korogwe hospitali. Mimi narudi juu." Nikasema narudi mimi. Akasema, "Njia huijui, na ukungu huu." Alikuwa tayari amekaa kwenye bodaboda. Nilibaki kando ya barabara nimembeba mtoto mmoja, huku mwingine nimemwachia msitu, na mchuuzi mmoja akanisukumia mapeasi usoni akiniuliza nataka ya kiasi gani.

Korogwe

Hospitali walimpokea haraka. Walimtundikia maji, wakamchoma sindano ya maumivu, wakampa hewa ya oksijeni. Nesi aliniuliza maswali, na aliponiuliza nina watoto wangapi nikashindwa kujibu. Akadhani sijasikia, akauliza tena.

Simu ya Athumani ilikuja saa moja jioni. Alisema neno moja, "Yupo," kisha nikasikia mwanamume mzima akilia, na simu ikakatika.

Yaliyotokea huko nimeyakusanya baadaye. Tuliondoka pale maporomokoni kama saa saba. Zuhura alikaa juu ya jiwe. Alisikia mdogo wake akilia, halafu hakusikia tena, kwa sababu ya ngurumo ya maji. Mama mmoja wa kijijini aliyekuja kukata majani ya ng'ombe alimkuta saa tisa hivi, kanga imelowa, anatetemeka. Akamwambia amfuate nyumbani. Zuhura akakataa. "Mama amesema nisibanduke mpaka aje kunichukua." Yule mama alimbembeleza, akamkaripia, akajaribu kumbeba, mtoto akashikilia jiwe. Mwisho akavua kanga yake kavu akamfunika, akakimbia kwenda kumwita mama mkwe, ambaye tayari alikuwa njiani anakuja, kwa sababu alikuwa ametupikia chakula cha mchana na hatukurudi.

Hata bibi yake alipofika, Zuhura hakukubali kumfuata. Mpaka mama mkwe alipomdanganya: "Mama yako amenituma. Amesema nije kukuchukua."

"Amesema hivyo kweli?"

"Amesema hivyo."

Ndipo akashuka. Athumani alifika jioni akakuta jiwe tupu na majani yaliyokatwa yametapakaa, na hajaniambia mpaka leo aliwaza nini kati ya pale na nyumbani kwa mama yake.

Shabani alilazwa siku nne. Siku ya pili Athumani alikuja hospitali peke yake. Nikamwuliza Zuhura yuko wapi, akasema amekataa kuja. Tulikaa pande mbili za kitanda. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyemtia mtoto kwenye maji, na yeye, nadhani, alitaka kuniambia kwamba mimi ndiye niliyemwacha mwingine. Hakuna aliyesema. Shabani aliomba uji, tukagombania kumpa.

Kupanda tena

Siku ya tatu nilimwacha Athumani na mgonjwa, nikapanda mlimani peke yangu. Mama mkwe alinipokea begi. Aliniambia, "Mwanangu ameniambia sasa ugonjwa wa mtoto. Yale maji yako ya chupa nilikuelewa vibaya." Nikamwomba radhi na mimi. Tulishikana mikono muda mrefu, kisha akatoka kwenda kwa ng'ombe ili tubaki wawili.

Zuhura alikuwa anachambua maharage. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo, mama," kama mtu anayemsalimia mgeni. Akauliza Shabani anaendeleaje. Nikamwambia anapona.

Akachambua kidogo. "Mlinikumbuka mlipofika wapi?"

Ningeweza kumdanganya kama bibi yake. Nilikuwa hata na uongo tayari. Nikasema, "Mombo."

"Mombo." Anaijua, alitapika mara mbili tukipanda kutoka pale. "Nani alikumbuka? Wewe au baba?"

"Shabani."

Aliacha kuchambua. Akatazama maharage, machozi yakamtoka, lakini hakulia kwa sauti. Sijawahi kumsikia akilia kwa sauti tangu mdogo wake alipoanza kuugua, na ni pale tu nilipolijua hilo. Nilitaka kumkumbatia, akakubali kukumbatiwa, mikono yake imebaki kwenye ungo.

"Nataka kukaa na bibi," akasema begani kwangu. "Hapa nitasoma. Bibi amesema shule iko karibu."

Nikamwuliza kama amekasirika. Akasema hapana. Nikamwuliza kama anaogopa. Akasema hapana. Akafikiri, akasema, "Hapa niko peke yangu." Kwanza nilidhani analalamika, nikaanza kumwambia basi turudi wote. Akatikisa kichwa. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ananieleza uzuri wa mahali pale.

Nilikaa siku mbili. Nilifikiri nikikaa atabadilika. Nilimchomea mahindi, akala, akashukuru. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani na bibi yake, akanipa mapeasi ya Shabani, akaniambia niyaoshe kwa maji ya kuchemsha.

Nyumbani

Tumerudi Chanika watu watatu. Basi halikuharibika, tulifika mapema. Shabani alikaa dirishani na kiti cha pembeni yake hakuna aliyekikalia mpaka Korogwe ilipoachwa mbali.

Uhamisho wa shule umekubaliwa. Athumani anasema ni mpaka mwisho wa mwaka. Mimi sisemi kitu, kwa sababu nilimwuliza Zuhura kwenye simu kama ni mpaka mwisho wa mwaka, akanijibu, "Tutaona, mama," kwa sauti ileile ninayoitumia mimi ninapomkatalia jambo.

Jumapili iliyopita nilipiga, akapokea mama mkwe. Nikaomba niongee na Zuhura. Akasema hayupo karibu na simu, anaoga maporomokoni, sasa hivi wako huko. Yeye amepanda juu kidogo panaposhika mtandao. Nikamwambia, mama, pale tena? Wewe humwogopei?

"Ameomba mwenyewe," akasema. "Nakuja naye. Nakaa juu ya jiwe namtazama mpaka amalize, halafu tunarudi pamoja."

Kisha akaniambia nisubiri kidogo, asije akampoteza machoni, akateremka. Mtandao ukakatika.